Kwa nini nguzo ya kimiminika yenye unene wa nanomita chache hukatika hata pale kigezo cha Plateau kinaposema haitakatika?

mwanagenzi_wa_matone

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fizikia, na kwa miezi minne sasa ninafanya mwigo wa kompyuta wa nguzo ya arigoni katika hali ya kimiminika. Nguzo hiyo ina atomi zipatazo 4,000, halijoto yake ni kelvini 85, nusu-kipenyo chake ni nanomita 2.3 na urefu wake ni nanomita 11.5. Ncha zake nimezifunga kwa masharti ya mpaka unaojirudia, yaani atomi inayotokea kulia huingia tena kushoto, hivyo nguzo haina kichwa wala mkia.

Nilichofundishwa, na ndicho kigezo cha Plateau, ni kwamba nguzo ya kimiminika hukatika kuwa matone ikiwa tu urefu wa wimbi linaloiharibu umbo unazidi mzingo wake. Mzingo wa nguzo yangu ni nanomita 14.5, na wimbi refu kuliko yote linaloweza kuenea ndani ya kasha langu ni la nanomita 11.5. Kwa hesabu hiyo nguzo ilipaswa kubaki ilivyo daima. Nimeendesha mwigo mara kumi, kila mara kwa nanosekunde 5 na kwa kasi tofauti za kuanzia, na mara saba nguzo imekatika na kujikusanya kuwa tone moja. Mara tatu imebaki nzima.

Msimamizi wangu anaamini kwamba kuna kosa katika programu. Nimeipitia mstari kwa mstari na sijaliona. Je, kigezo chenyewe ndicho kinachoshindwa katika vipimo hivi, au kuna jambo la wazi ambalo limenipita?

fundi_mwigo

Ndugu, kabla ya kumlaumu Plateau, nakuomba uchunguze mambo matatu, kwa sababu nimewahi kuona watu wakitangaza ugunduzi ambao baadaye ulikuwa ni mvuke tu.

La kwanza ni huo mvuke wenyewe. Arigoni katika kelvini 85 ipo karibu sana na kiwango chake cha kuchemka katika kanieneo ya kawaida, ambacho ni takriban kelvini 87. Ukiiweka nguzo katikati ya kasha tupu, atomi zitaondoka kwenye uso wake hadi nafasi iliyobaki ijae mvuke wa kutosha, na kwa kuwa uso uliopinda huachia atomi kwa urahisi kuliko uso bapa, hasara itakuwa kubwa zaidi ya unavyosoma katika majedwali. Nusu-kipenyo ulichoandika katika faili ya kuanzia sicho ulichonacho baada ya nusu nanosekunde. Kipime upya, kisha utuambie.

La pili ni themostati, yaani sehemu ya programu inayodhibiti halijoto. Baadhi ya themostati humpiga kila atomi kikumbo cha kubahatisha, na nyingine hupunguza kasi ya atomi zote kwa pamoja bila kujali kwamba nguzo nzima inaweza kuwa inaelea upande mmoja. Iache nguzo itulie ikiwa na themostati, kisha izime na uendeshe mwigo kwa nishati isiyobadilika. Kukatika kuleule kukiendelea, themostati itakuwa haina hatia.

La tatu ni mahali nguzo inapokatikia. Kwa kuwa kasha lako linajirudia, hakuna sehemu ya nguzo iliyo tofauti na nyingine, na kwa hiyo mikato saba inapaswa kutawanyika ovyo. Ikiwa yote imetokea karibu na mpaka wa kasha, basi usitafute fizikia mpya bali tafuta kosa katika hesabu ya kani zinazovuka mpaka huo.

mwalimu_mstaafu

Mwanangu, fuata ushauri wa fundi kwanza, kwani hoja zake ni za haki. Lakini hata baada ya kuyasafisha hayo yote, naamini nguzo zako zitaendelea kukatika, na nitajaribu kukueleza kwa nini.

Tuanze na kile ambacho kigezo kinasema hasa. Joseph Plateau, Mbelgiji wa Ghent ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo akiwa kipofu na kutumia macho ya wasaidizi wake, alichunguza mafuta yaliyoelea ndani ya mchanganyiko wa maji na alkoholi wenye msongamano sawa na mafuta hayo, ili uzito usiingilie. Kitabu chake cha 1873 kinaeleza kwamba mtikisiko mrefu kuliko mzingo hupunguza eneo la uso wa nguzo, na ule mfupi kuliko mzingo huliongeza. Kwa kuwa mvutano wa uso hupenda eneo dogo, mrefu hukua wenyewe na mfupi hufa. Miaka michache baadaye mwanafizikia Mwingereza Rayleigh aliongeza suala la mwendo: katika nguzo isiyo na mnato, wimbi linalokua haraka kuliko yote lina urefu wa takriban mara 9 ya nusu-kipenyo. Ndiyo sababu maji yanayochirizika kutoka kwenye bomba lililofungwa nusu hukatika kuwa matone yanayokaribiana kwa ukubwa, kila moja likiwa na nusu-kipenyo karibu mara 1.9 ya kile cha mchirizi uliolizaa.

Sasa angalia neno ambalo watu hulipita haraka: mtikisiko mfupi *hufa*. Katika nadharia ya kale mtikisiko huwekwa mara moja tu, mwanzoni, kana kwamba mtu ameigusa nguzo kwa kidole kisha akaondoka. Katika kimiminika halisi kidole hicho hakiondoki. Molekuli zinagongana wakati wote, na kila mtikisiko unaokufa hufuatwa na mwingine unaozaliwa. Wanafizikia wa Kisovyeti Landau na Lifshitz waliliingiza jambo hili katika milinganyo ya mwendo wa vimiminika mnamo 1957 kwa kuongeza mkazo wa kubahatisha ambao ukubwa wake hutegemea halijoto na mnato.

Tuhesabu. Nguzo yenye urefu L na nusu-kipenyo R ikitikiswa na wimbi lenye kimo a, huku ujazo wake ukibaki uleule, nishati ya ziada ya uso wake ni

E = πγL a² (k²R² − 1) / 2R

ambapo γ ni mvutano wa uso na k ni 2π kugawanya kwa urefu wa wimbi. Wimbi likiwa fupi kuliko mzingo, mabano yana thamani chanya, na nguzo inafanana na springi: ukiivuta hurudi. Lakini kila springi iliyo ndani ya joto hupewa, kwa wastani, nusu ya kT (hapa k si ile ya wimbi bali ni namba ya Boltzmann, na T ni halijoto). Weka E = kT/2 na utapata kimo cha kawaida cha mtikisiko. Kwa nguzo ya maji yenye nusu-kipenyo cha milimita 1 na urefu wa milimita 5.75, katika halijoto ya chumbani, kimo hicho ni takriban nanomita 0.13. Nenda sasa kwenye nguzo yenye umbo lilelile lakini nusu-kipenyo chake ni nanomita 2. R imepungua mara laki tano, na L vilevile, kwa hiyo uwiano wao katika mlinganyo haujabadilika hata kidogo, na jibu ni lilelile: nanomita 0.13.

Hapo ndipo kiini cha swali lako kilipo. Watu husema kwamba joto huwa na nguvu zaidi katika vipimo vidogo, na usemi huo huwapotosha wanafunzi. Mtikisiko ni uleule. Nguzo ndiyo iliyokonda hadi mtikisiko ukawa mkubwa kwake.

Lipo jambo jingine. Springi yetu si springi ya kweli, kwani ukiivuta kupita kiasi fulani hairudi tena. Shingo, yaani sehemu ya nguzo iliyobanwa zaidi, ikishakuwa nyembamba vya kutosha, eneo la uso huanza kupungua kila inapozidi kukonda, na nguzo iliyokuwa imara hujimaliza yenyewe. Kati ya umbo la nguzo na umbo la tone kuna kilima cha nishati, na kigezo cha Plateau kinasema tu kwamba kilima hicho kipo, bila kusema ni kirefu kiasi gani. Urefu wake hupanda kwa γR². Kwa mchirizi wa maji wa milimita 1, γR² ni kubwa kuliko kT kwa mara zaidi ya trilioni kumi, na hakuna anayeweza kusubiri hadi joto liuvuke. Kwa arigoni yako γ ni takriban nyutoni 0.013 kwa mita, kwa hiyo γR² ni makumi machache tu ya kT, na kiasi hicho bado kinapunguzwa sana ukiwa karibu na mpaka wa kigezo. Kilima cha kT chache huvukwa ndani ya nanosekunde. Huvukwa kwa bahati, na ndiyo maana wakati mwingine nguzo hukatika na wakati mwingine huishi. Kosa la programu kwa kawaida halina tabia hiyo ya saba kwa tatu.

Wala hauko peke yako. Mwaka 2019 Zhao, Sprittles na Lockerby walichapisha katika jarida la Journal of Fluid Mechanics kazi iliyoonyesha, kwa nadharia na kwa mwigo wa molekuli, kwamba nguzo fupi ambazo nadharia ya kale inazihesabu kuwa imara zinaweza kukatwa na mitikisiko ya joto. Mpelekee msimamizi wako, kwa adabu.

mwanagenzi_wa_matone

Shikamoo mwalimu, na ahsante sana ndugu fundi. Nimetumia siku tatu kufanya mliyoniagiza.

Kuhusu mvuke, ndugu fundi ulikuwa umeona mbali. Baada ya nguzo kutulia, karibu robo ya atomi zilikuwa zimeshahamia kwenye mvuke, na nusu-kipenyo kilikuwa kimeshuka kutoka nanomita 2.3 hadi takriban 2.0. Mzingo wa kweli basi si nanomita 14.5 bali ni 12.6. Bado unazidi urefu wa kasha, lakini kwa nanomita moja tu, si tatu kama nilivyojidanganya. Nakiri pia kwamba hata hiyo 2.0 ina utata wake, kwa sababu uso wa kimiminika katika kiwango hiki si mstari mkali: msongamano hushuka polepole katika unene unaokaribia nanomita nzima, na ilinibidi nichague mahali pa kusema kwamba kimiminika kimeishia hapa.

Nimezima themostati baada ya nguzo kutulia na kurudia mara kumi. Safari hii sita zimekatika. Nilipoingiza namba mpya katika mlinganyo wa mwalimu nilipata kimo cha kawaida cha nanomita 0.16, na vipimo vyangu vya nguzo ambazo bado hazijakatika vinatoa kati ya 0.15 na 0.2. Sikutarajia kwamba mlinganyo wa mstari mmoja ungekaribia hivyo.

mhandisi_wa_wino

Naomba kuingilia kwa swali la mtu wa viwandani. Ninahudumia mashine za kuchapa kwa matone ya wino, ambazo matundu yake yana kipenyo cha mikromita kati ya 20 na 50. Adui yetu mkubwa ni vitone vidogo vinavyofuata nyuma ya tone kuu na kuchafua ukingo wa herufi. Je, mitikisiko hii ya joto inahusika na vitone hivyo? Na je, kama siku moja tutakuwa na matundu ya nanomita, hali itakuwa mbaya zaidi?

mwalimu_mstaafu

Kwa matundu yako, mhandisi, jibu fupi ni hapana. Nusu-kipenyo cha mikromita 10 ni mara makumi ya maelfu ya mtikisiko wa nanomita 0.13. Vitone vyako vinatokana na jinsi shingo inavyokatika katika fizikia ya kawaida: shingo hairefuki kwa ulinganifu, bali huvutika kuwa uzi mrefu mwembamba uliounganishwa na tone upande mmoja, kisha uzi huo hukatika katika ncha zake zote mbili na kilichobaki katikati hujikunja kuwa kitone. Ukimimina asali kutoka kwenye kijiko utauona uzi huo kwa macho, ingawa wa asali huishi muda mrefu kutokana na mnato wake.

Swali lako la pili ndilo tamu. Mwaka 2000 Michael Moseler na Uzi Landman, wakiwa Georgia Tech huko Marekani, waliiga mchirizi wa propani unaotoka kwenye tundu lenye kipenyo cha nanomita 6. Walichokiona ni kwamba uzi mrefu ulitoweka. Badala yake shingo ilichukua umbo la koni mbili zilizogusana kwa ncha, kama kioo cha saa ya mchanga, na vitone vya katikati vikawa adimu. Mlinganyo wa kawaida usio na joto haukuweza kulitoa umbo hilo, lakini walipouongezea kelele ya joto, yaani ile mitikisiko ya kubahatisha, ulilitoa.

Maelezo ya Jens Eggers ya 2002 yananivutia zaidi. Anasema kwamba shingo inavyokonda, mvutano wa uso huacha kuwa ndio msukumo mkuu na kelele huchukua usukani. Kati ya njia zote ambazo kelele ingeweza kufuata ili kuikata shingo, iliyo na uwezekano mkubwa ni ile inayosukuma kimiminika nje ya shingo kwa ulinganifu, kulia na kushoto kwa pamoja, ndiyo maana koni mbili. Unene wa shingo basi hupungua kwa kipeo cha 0.418 cha muda uliobaki kabla ya kukatika, wakati katika kimiminika chenye mnato na kisicho na kelele kipeo hicho ni 1. Maana yake kwa mtazamaji ni kwamba shingo ya kawaida hukonda kwa mwendo usiobadilika hadi mwisho, lakini shingo inayotawaliwa na joto huharakisha kila inapokaribia mwisho wake.

Ili uione picha kwa karibu, chukua kipande cha shingo ya maji chenye nusu-kipenyo cha nanomita 1 na unene wa nanomita 1. Ndani yake kuna molekuli zipatazo 100. Kitovu cha masi ya kipande hicho, katika halijoto ya chumbani, kina kasi ya kubahatisha ya karibu mita 36 kwa sekunde. Fanya hesabu ileile kwa kipande cha milimita 1 kwa milimita 1: unapata *nanomita* 36 kwa sekunde. Wakati huohuo mvutano wa uso, ukipambana na mnato wa maji, huweza kuikondesha shingo kwa takriban mita 5 kwa sekunde, iwe kubwa au ndogo. Linganisha mwenyewe 5 na 36.

fundi_mwigo

Kwa ruhusa yako mwalimu, naomba niweke tahadhari kidogo kwenye hiyo 36, maana msomaji anaweza kudhani kwamba kipande hicho husafiri kwa kasi hiyo kama risasi. Mwendo wa kubahatisha wa kipande kidogo namna hiyo husahaulika ndani ya pikosekunde moja hivi, kwa sababu mnato huusambaza kwa majirani. Katika pikosekunde moja, kasi ya mita 36 kwa sekunde husogeza kipande kwa nanomita 0.036 tu. Shingo haikatwi na kikumbo kimoja, bali na mfululizo wa vikumbo ambavyo kwa bahati vimeelekea upande mmoja. Mita 5 za mvutano wa uso ni chache, lakini hazibadilishi mwelekeo kamwe.

mwalimu_mstaafu

Tahadhari ni ya haki na naipokea. Niongeze tu kwa mhandisi kwamba maji katika kiwango hiki si maji unayoyajua. Ukigawanya mraba wa mnato kwa msongamano na mvutano wa uso, unapata urefu ambao kwa maji ni takriban nanomita 14. Chini ya urefu huo maji hutembea kama kimiminika kizito, kwa kuwa mnato hushinda ukaidi wa masi yake. Kila tone la wino wako, hata liwe kubwa namna gani, shingo yake hupita katika kiwango hicho kabla ya kuachana, ila hupita kwa muda mfupi mno na baada ya umbo la uzi kuwa limeshaamuliwa.

Na kwa yeyote anayedhani haya ni mambo ya ndani ya kompyuta tu: kimo cha mtikisiko hutegemea mzizi wa kT kugawanya kwa γ, kwa hiyo ukiweza kuishusha γ, mtikisiko hukua. Mchanganyiko wa chembechembe za koloidi na polima ukijitenga katika tabaka mbili, mvutano kati ya tabaka hizo huwa mdogo kuliko wa maji kwa mara laki kadhaa au zaidi, na mtikisiko hufikia sehemu ya kumi ya mikromita na kuendelea. Mwaka 2004 Aarts, Schmidt na Lekkerkerker waliyapiga picha mawimbi hayo ya joto kwa hadubini, na mwaka 2006 kundi lililowahusisha Hennequin, Bonn na Eggers lilitazama shingo ya kimiminika cha namna hiyo ikikatika chini ya utawala wa joto.

mwanagenzi_wa_matone

Narudi na matokeo ya mwisho ambayo niliahidi. Nimefupisha kasha hadi nanomita 8 nikiacha halijoto na unene vilevile, na katika mara kumi hakuna nguzo hata moja iliyokatika ndani ya nanosekunde 5, wala haikukaribia: kilima cha huko ni kirefu mno. Nimelirefusha tena hadi nanomita 12.2, karibu kabisa na mzingo, na zote kumi zimekatika, nyingi zikiwa hazijamaliza nanosekunde ya kwanza.

Kuhusu mahali pa kukatikia, nimeweka alama ya kila mkato kwenye mchoro mmoja kwa nguzo zote za nanomita 11.5, za mwanzo na za marudio. Mikato kumi na mitatu imetawanyika katika urefu wote wa kasha, na miwili tu ndiyo iliyo karibu na mpaka. Msimamizi ameutazama mchoro kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini sikuendesha mara mia badala ya mara kumi. Kompyuta imeanza kazi hiyo jana jioni.